Haro, kunakohifadhiwa cha kale ndani ya kipya

UKISIKIA Uhispania ikitajwa huenda akili yako ikaruka moja kwa moja hadi kwenye viwanja vya kandanda vya Madrid na Barcelona. Si ajabu, kwani huko ndiko macho ya vijana wetu yalikoelekea kila wikendi. Lakini kaskazini mwa nchi hiyo, mbali na vifijo vya mashabiki, kuna mji mdogo uitwao Haro. Wakazi wake ni zaidi kidogo ya 11,000, na wote wakikusanyika pamoja, wazee kwa watoto, hawawezi kuujaza Uwanja wa Nyayo.

Hata hivyo mji huu unajulikana duniani kote kwa jambo moja: divai. Na katika mji huo kuna kiwanda kimoja cha divai ambacho, licha ya kazi yake ya kukamua zabibu, kinaweza kumfundisha mgeni namna ya kujenga kipya bila kukizika cha kale.

Huenda wewe si mnywaji, na huenda dini yako inakukataza kabisa kuonja divai. Usiufunge ukurasa huu kwa sababu hiyo. Safari tunayokupeleka leo ni ya macho na akili, na unaweza kuimaliza bila tone kugusa ulimi wako.

Njia ya kufika

Hakuna ndege inayotoka Nairobi moja kwa moja hadi eneo hilo. Itakubidi ubadilishe ndege katika mji mmoja mkubwa wa Ulaya, kisha utue Bilbao, bandari iliyo karibu na bahari upande wa kaskazini. Kabla ya hapo utahitaji viza ya Schengen, na heri uanze kuishughulikia mapema, maana maombi yake yana karatasi nyingi.

Kutoka Bilbao hadi Haro ni mwendo wa kilomita 100 hivi kuelekea kusini. Mwanzoni utapita katika milima ya kijani kibichi yenye ukungu na manyunyu, mfano wa Limuru asubuhi ya mwezi Julai. Kisha barabara inavuka safu za milima, na ghafla mambo yanabadilika. Mbingu inafunguka, jua linawaka, na ardhi inageuka kuwa ya rangi ya udongo mkavu. Milima uliyoivuka ndiyo inayozuia mawingu ya baharini, na ndiyo sababu zabibu hupata jua la kutosha kuiva upande huu wa pili.

Chini bondeni unapita mto Ebro, ambao ni mrefu kuliko mito yote inayotiririka ndani ya Uhispania pekee. Kando zake zote mbili zimejaa mizabibu iliyopangwa mistari kwa mistari, mifupi, mingine haifiki kiuno cha mtu mzima. Hapo umeingia katika nchi ya Rioja.

Reli iliyoleta neema

Mtu wa Nairobi atauelewa mji wa Haro upesi, kwa maana miji hii miwili ina mama mmoja: reli. Garimoshi lilifika Haro mwaka 1863. Sisi reli yetu ilifika Nairobi mwaka 1899, ikakuta kinamasi ikaacha mji. Haro ulikuwapo kabla ya reli, lakini ni reli iliyoupa utajiri.

Na utajiri huo ulisukumwa na msiba wa jirani. Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo sana, filoksera, aliyetoka Marekani, aliingia katika mashamba ya Ufaransa na kuanza kunyonya mizizi ya mizabibu. Mashamba yalikauka moja baada ya jingine. Wafanyabiashara wa Bordeaux, ambao maisha yao yalitegemea divai, walibaki mikono mitupu. Wakavuka mpaka kutafuta divai kwingine, wakafika Rioja, na wakaona kwamba Haro una zabibu nzuri na pia una kituo cha reli cha kusafirishia mapipa hadi bandarini.

Ndipo viwanda vikachipuka kuzunguka kituo kile kama uyoga baada ya mvua. Hadi leo mtaa huo unaitwa Barrio de la Estación, yaani Mtaa wa Stesheni. Viwanda kadhaa vya divai vilivyoanzishwa katika karne ya 19 bado viko pale pale, jengo kwa jengo, kiasi kwamba unaweza kutembea kwa miguu kutoka kimoja hadi kingine bila kutoa jasho. Mji nao ulineemeka haraka. Ulikuwa miongoni mwa miji ya kwanza Uhispania kuwa na taa za umeme barabarani, wakati miji mingine mikubwa zaidi ingali ikiwasha za mafuta.

Neema haikudumu bila doa. Mdudu yule yule aliyewafilisi Wafaransa alivuka mpaka naye, akafika Rioja mwaka 1899, mwaka ule ule ambao reli ilifika Nairobi. Wakulima walinusurika kwa kupandikiza vikonyo vya mizabibu yao juu ya mashina ya mizabibu ya Kimarekani, ambayo mizizi yake humstahimili mdudu huyo. Mizabibu mingi uionayo Rioja leo imepandikizwa hivyo: mizizi ya ugenini, matawi ya nyumbani.

Kijana kutoka Chile

Miongoni mwa waliovutiwa na shughuli hizo alikuwa kijana mmoja aliyezaliwa Chile, Rafael López de Heredia. Mwaka 1877, akiwa na umri wa miaka 20 hivi, alianzisha kiwanda chake hapo Mtaa wa Stesheni. Kiwanda hicho, López de Heredia, kinaendeshwa leo na vitukuu vyake, kizazi cha nne. Hapo ndipo tunapokwenda.

Kabla ya kuingia ndani, inua macho. Juu ya mapaa utaona mnara wenye umbo la nyumba za kale za milimani, na jina lake ni Txori Toki. Hayo ni maneno ya lugha ya Kibaski, inayozungumzwa maeneo ya jirani, na maana yake ni mahali pa ndege. Mnara huo umekuwa alama ya kiwanda kwa miaka mingi.

Sasa ingia ndani. Usitarajie kuona mitambo inayong'aa. Viwanda vingi vya Rioja vilihamia kwenye matangi ya chuma katika nusu ya pili ya karne ya 20, kwa sababu chuma ni rahisi kuosha na joto lake hudhibitiwa kwa kubonyeza kitufe. Familia hii haikuhama. Utaona mapipa ya mbao za mwaloni, makubwa kama nyumba ya chumba kimoja, yamesimama wima katika mistari. Juisi ya zabibu huchachuka humo, kama ilivyokuwa enzi za mwanzilishi.

Zabibu zenyewe huchumwa kwa mikono wakati wa mavuno, mwezi wa Septemba na Oktoba. Shamba kuu la familia linaitwa Viña Tondonia. Lina ukubwa wa hekta 100 hivi, karibu ekari 250, na limekaa mahali ambapo mto Ebro unapinda kama kiwiko cha mkono. Rafael alilipanda mwaka 1913 na 1914, baada ya maafa ya mdudu, alipokuwa mtu mzima mwenye hakika ya anachokitaka.

Ukiendelea mbele utasikia sauti ya nyundo. Hiyo ni karakana ya mapipa. Viwanda vingi siku hizi hununua mapipa yaliyokwisha kuundwa, lakini hapa kuna mafundi wanaoyaunda na kuyatengeneza wenyewe. Magogo ya mwaloni hutoka Marekani. Mbao hukaushwa kwa muda mrefu, huchongwa, hupashwa moto ili zikubali kupinda, kisha hufungwa kwa pete za chuma. Yeyote aliyewahi kusimama Lamu au Matondoni akawatazama mafundi wa majahazi wakilinganisha ubao na ubao mpaka maji yasipate pa kupenyea, ataielewa kazi hii mara moja. Ni elimu iliyo mikononi, na mtu huipata kwa kusimama kando ya fundi miaka na miaka.

Handaki na buibui

Kisha unateremka chini ya ardhi. Vaa sweta, kwa sababu huko chini kuna baridi ya nyuzi 12 hivi, kiangazi na kipupwe. Mahandaki haya yalichimbwa ndani ya mwamba kwa nguvu za mikono, na refu kuliko yote lina urefu unaozidi mita 100. Mapipa yamepangwa kushoto na kulia, maelfu kwa maelfu, kila moja likibeba takriban lita 225.

Hapa chini ndipo utakapofahamu maana ya subira. Divai nyekundu ya shamba la Tondonia inayoitwa Reserva hukaa ndani ya pipa miaka 6. Hebu fikiria: mtoto aliyezaliwa mwaka wa mavuno ataanza darasa la kwanza divai ikiwa bado imo ndani ya pipa. Ikitoka humo hutiwa chupani na kulazwa tena miaka kadhaa kabla ya kuuzwa. Sheria za Rioja zinadai kwamba divai nyekundu ya daraja la juu kabisa, Gran Reserva, ikae miaka 5 kabla ya kuuzwa, na miwili kati ya hiyo iwe ndani ya pipa. Familia hii huipa divai yake ya daraja hilo muda mrefu zaidi, na huitengeneza katika miaka ile tu ambayo mavuno yamekuwa mazuri mno.

Wakati huo wote divai huhamishwa kutoka pipa hadi pipa ili masimbi yabaki nyuma. Ili kuisafisha zaidi hutumia ute mweupe wa mayai mabichi. Ute huo hushika chembechembe na kuzama nazo chini. Hakuna dawa ya kiwandani inayohitajika, kuku tu.

Jambo litakalokushtua ni utando wa buibui. Kuta, dari na chupa zilizolazwa zimefunikwa kwa utando mweusi mzito, na mtu asiyejua atadhani wenyewe ni wavivu wa kufagia. La hasha! Utando huo umeachwa kwa makusudi. Vizibo vya chupa hutengenezwa kwa gome la mti, na kuna nondo wadogo wapendao kutaga mayai katika magome hayo. Buibui huwala nondo hao. Kwa hiyo buibui wa Haro ni walinzi wa usiku wasiodai mshahara.

Ukisimama katikati ya giza hilo utapata wazo kwamba watu hawa wamekataa kabisa mambo ya kisasa. Hapo ndipo watakapokushangaza.

Kibanda kilichosahaulika

Mwaka 1910 kulikuwa na maonyesho makubwa ya kimataifa mjini Brussels, Ubelgiji. Rafael alitaka divai yake ionekane, na akaagiza kibanda maalum cha mbao cha kuionyeshea. Unavijua vibanda vya Maonyesho ya Kilimo pale Jamhuri Park, vinavyosimamishwa kwa wiki moja kisha vikavunjwa? Hiki kilikuwa cha aina hiyo kwa matumizi, ila kwa uzuri kilikuwa kingine kabisa. Kilichongwa na kunakshiwa kwa mtindo uliokuwa ukipendwa Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20, wenye mistari iliyopinda.

Maonyesho yalipokwisha kibanda kilifunguliwa vipande vipande, kikarudishwa Haro na kuwekwa stoo. Miaka ikapita. Vita viwili vya dunia vikapita, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uhispania vikapita pia. Vipande vile viliendelea kulala gizani.

Mwaka 2002 kampuni ilikuwa inatimiza miaka 125, na familia ilitaka kushiriki katika maonyesho ya vyakula ya Barcelona. Vitukuu walikitoa kibanda cha babu yao, wakakifanyia ukarabati. Basi likazuka swali: kibanda cha mwaka 1910 kitasimama vipi katika ukumbi wa mwaka 2002?

Kulikuwa na njia mbili rahisi. Ya kwanza ilikuwa kukiacha stoo na kutengeneza kingine kipya. Ya pili ilikuwa kujenga banda jingine la kuigiza mambo ya kale, lenye nakshi za uongo, kama baadhi ya hoteli zetu zinavyobandika makuti juu ya saruji. Familia haikufuata hata moja. Walitafuta mtu wa kuwajengea kitu kipya kabisa, kisichojifanya cha kale, ambacho kazi yake ingekuwa kukibeba kile cha kale ndani yake.

Binti wa Baghdad

Mtu waliyemchagua alikuwa mwanamke, na alikuwa Mwarabu. Zaha Hadid alizaliwa Baghdad, Iraq, mwaka 1950. Alisomea hisabati katika chuo kikuu cha Kimarekani mjini Beirut, kisha akaenda London mwaka 1972 kusomea usanifu wa majengo.

Wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, lishikeni jambo hili. Kwa miaka mingi Hadid alichora majengo ya ajabu ambayo hayakujengwa. Watu walisema yeye ni msanifu wa karatasi tu. Jengo lake kubwa la kwanza, kituo cha wazimamoto cha kampuni ya Vitra nchini Ujerumani, lilikamilika mwaka 1993, naye alikuwa amekwisha kupita umri wa miaka 40. Mwaka 2004 alitunukiwa tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote kwa wasanifu wa majengo, na akawa mwanamke wa kwanza kuipata. Alifariki mwaka 2016. Familia ya Haro ilimwendea kabla hajapata tuzo hiyo.

Alichowatengenezea ni ganda la chuma na kioo linalokizunguka kibanda cha mbao. Ukilitazama kwa mbele, ukuta wake unapanda, unapinda kwa ndani, kisha unapanuka tena, na ghafla unatambua umbo lake: ni chombo cha kumiminia divai, kile cha kioo chenye tumbo pana na shingo nyembamba. Kipya kimekuwa chombo, na cha kale ndicho kilichomiminwa ndani yake.

Baada ya maonyesho ya Barcelona banda hilo lilihamishiwa Haro, na tangu mwaka 2006 limesimama kiwandani likiwa duka na mahali pa kuwapokea wageni. Unaingia kwa kupita chuma na kioo cha karne ya 21, na katikati unakutana na mbao za mwaka 1910. Nje, hatua chache tu, mnara wa Txori Toki unatazama yote hayo. Hakuna kimojawapo kinachomwonea mwenzake haya.

Kazi hii inapendeza kwa sababu ni ya kweli. Hadid hakuchonga nakshi za zamani ili awafurahishe wazee, na familia haikubomoa handaki ili iwafurahishe vijana. Kila kizazi kimeacha alama ya wakati wake waziwazi, na mgeni anaweza kuisoma historia ya nyumba hiyo kwa macho, kama mtu anavyohesabu duara katika shina la mti uliokatwa.

Majirani nao hawajalala

Haro haiko peke yake katika mambo haya. Chini ya saa moja kwa gari utafika kijiji cha Elciego, kwenye kiwanda cha Marqués de Riscal kilichoanzishwa mwaka 1858. Mwaka 2006 palifunguliwa hoteli iliyochorwa na Frank Gehry, yule aliyejenga jumba la makumbusho la Guggenheim mjini Bilbao. Mapaa yake ni mikunjo ya chuma inayopepea kama leso kwenye kamba siku ya upepo, kwa rangi tatu: ya divai, ya dhahabu kama wavu unaozungushiwa chupa zao, na ya fedha kama karatasi inayofunika kizibo.

Karibu na mji wa Laguardia, uliozungukwa na kuta za kale, kuna kiwanda cha Ysios kilichochorwa na Santiago Calatrava na kufunguliwa mwaka 2001. Paa lake ni mawimbi ya alumini yanayofuata umbo la milima iliyo nyuma yake. Ni picha inayopendwa sana na wageni. Lakini paa hilo lilivuja, likatengenezwa, likavuja tena. Mwaka 2013 iliripotiwa kwamba wenye kiwanda walikuwa wakidai yapata yuro milioni 2 ili waliezeke upya. Uzuri wa nje ni jambo moja na kuzuia mvua ni jingine, na mjenzi mwema hukumbuka yote mawili.

Ukienda na jamaa yako

Watoto wasikutie wasiwasi. Katika mikahawa mingi ya Uhispania unaweza kuagiza mosto, yaani maji ya zabibu yasiyochachuka, na hata mtu mzima asiyekunywa pombe huagiza hiyo bila kuonekana wa ajabu. Katika kijiji cha Briones, jirani na Haro, kuna makumbusho ya Vivanco yaliyofunguliwa mwaka 2004, ambako utaona vyombo vya kukamulia zabibu vya karne nyingi. Watoto wa shule watapata mengi ya kuandika huko.

Chakula nacho ni cha kujivunia. Wenyeji huchoma mbavu ndogo za mwanakondoo juu ya matawi makavu ya mzabibu yaliyopogolewa shambani. Mtu wa nyama choma atajisikia nyumbani, ingawa moshi wake una harufu nyingine. Kama huli nguruwe, uliza kabla ya kuagiza viazi vya Kirioja, maana hupikwa na soseji ya nguruwe. Na usifike mkahawani saa sita ukitarajia chakula cha mchana: wenyeji hula saa nane hivi, na maduka mengi hufungwa alasiri.

Tarehe 29 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Petro, epuka kuvaa nguo unayoipenda. Siku hiyo watu hupanda kwenye majabali ya Bilibio nje ya mji, wamevaa nguo nyeupe, wakamwagiana divai nyekundu kwa ndoo na vinyunyizio mpaka kila mtu awe wa zambarau. Lakini kama shabaha yako ni kuona kazi yenyewe, nenda wakati wa mavuno. Usisahau kuandikisha ziara yako mapema, kwa sababu viwanda vingi havipokei mgeni aliyejitokeza tu mlangoni.

Na sisi je?

Mizabibu si mimea migeni kabisa kwetu. Dodoma, nchini Tanzania, zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Haro hawezi hata kuliota. Lakini somo la safari hii halihusu zabibu.

Tazama tunavyojenga. Mara nyingi tunadhani maendeleo ni kufagia kila kitu na kuanza upya. Nyumba ya babu inabomolewa asubuhi, na jioni mawe yake yamekwisha kuuzwa. Mlango wa mbao wa nakshi unang'olewa Pwani, unapelekwa kupamba ukumbi wa tajiri asiyejua ulitoka katika nyumba ya nani. Na wale wanaotaka kuonyesha kwamba wanathamini utamaduni, wanabandika kinyago ukutani na kuridhika.

Hata hivyo mifano mema ipo, tena katikati ya jiji. Jumba linalohifadhi Nyaraka za Kitaifa, pale karibu na sanamu ya Tom Mboya, lilijengwa mwaka 1906 likiwa benki. Nairobi Gallery imo katika ofisi ya serikali ya mkoloni iliyojengwa mwaka 1913, ambako watu walikuwa wakiandikisha vizazi, ndoa na vifo. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Majengo haya hayakugandishwa kama maiti. Yalipewa kazi mpya, au watu wanaendelea kuishi humo. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini hawakusema usinunue msala mpya. Familia ya Haro ilivitandika vyote viwili.

Basi Jumapili hii, kabla hujaanza kuhesabu nauli ya Bilbao, anza na safari isiyogharimu kitu. Waulize wazazi wako kilicholala stoo. Huenda ni kigoda cha nyanya, huenda ni sanduku la mbao alilokuja nalo babu alipoajiriwa kwenye reli, huenda ni mlango. Muulize mwenyewe kilitengenezwa na nani, kwa mti gani, mwaka gani, na uandike majibu yake akiwapo wa kukujibu. Kisha, siku mtakapojenga nyumba mpya, mwambieni fundi akitafutie nafasi kabla hajamwaga saruji ya kwanza.